Mtoto Aliyekuwa Akilala Vizuri Halali Tena Tangu Mdogo Wake Azaliwe

Swali: Daktari, mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka miwili na miezi minne. Kabla ya mdogo wake kuzaliwa alikuwa akilala saa 2 usiku na kuamka saa 12 asubuhi bila kumsumbua mtu. Mdogo wake sasa ana wiki saba, na tangu nirudi naye nyumbani kaka mtu hataki kulala. Inanibidi nijilaze kando yake mpaka saa 4 usiku, na nikiinuka tu hushtuka. Usiku huamka mara mbili au tatu akaja kitandani kwetu, na baba yake akimwendea humsukuma na kuniita mimi. Siku nyingine, muda mfupi baada ya kulala, hupiga mayowe macho yakiwa wazi lakini hanitambui. Mchana hulala ovyo, pengine hadi saa 11 jioni, na ameanza tena kudai chupa aliyokwisha kuiacha. Wenzangu wananiambia nimemdekeza, nimwache alie mpaka achoke. Je, ni wivu? Nimwache alie? Na je, baadaye niwalaze wote wawili chumba kimoja?

Jibu: Mama, mwanao hajaharibika, wala wewe hujamharibu. Mtoto aliyelala vizuri kwa miezi mingi anao uwezo wa kulala, na uwezo huo haujapotea ndani ya wiki saba. Katika maelezo yako naona hofu ya kutengana nawe, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa umri wake. Naona ratiba ya usingizi iliyovurugika kwa sababu nyumba nzima imechoka. Na naona mazoea mapya ya kulala yaliyojengeka bila mtu yeyote kuyakusudia. Mambo haya yamechanganyika, lakini kila moja lina tiba yake, na wazazi wengi hukwama kwa kutumia tiba ya moja kwa lingine: humkemea mtoto mwenye hofu, au humbembeleza kwa saa mbili mtoto ambaye hana usingizi kwa sababu tu aliamka jioni.

Wivu upo, sikatai. Lakini wivu peke yake haumwamshi mtoto saa 8 usiku. Usingizi wa binadamu huja kwa mizunguko, ambayo kwa mtu mzima huchukua takriban dakika 90 na kwa mtoto mdogo huwa mifupi zaidi, karibu saa moja. Kila mzunguko unapokwisha ubongo hukaribia kuamka. Mtoto hugeuka, hufumbua macho kidogo, huhakikisha kwamba mambo yako kama alivyoyaacha, kisha huzama tena. Hata katika ile miezi aliyolala usiku kucha, mwanao alikuwa akiamka hivyo mara kadhaa nanyi hamkujua. Sasa akifikia hatua hiyo hukuta kwamba mama aliyekuwa amejilaza kando yake wakati anafumba macho ameondoka. Wewe mwenyewe ukilala na mto kisha ukaamka usiku ukaukosa, utaupapasa kwanza kabla ya kulala tena. Naye anakupapasa wewe. Zaidi ya hayo, nyumba yenyewe imebadilika: taa imewashwa, kichanga analia, na sauti yako inasikika ikimbembeleza mtu mwingine. Zamani hakuwa na sababu ya kuamka zaidi, lakini siku hizi anayo.

Jaribu kuyatazama mambo kwa macho yake. Siku moja uliondoka, ukalala nje, kisha ukarudi na mtu asiyemjua ambaye tangu hapo hakuachi. Mtu huyo analala chumbani kwako, ilhali yeye anaambiwa alale kwake. Mtu huyo akilia unakimbia. Yeye akilia anaambiwa kwamba amekuwa mkubwa. Daktari wa akili John Bowlby wa Uingereza, pamoja na mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliyefanya naye kazi, walieleza katika karne ya 20 kwamba mtoto mdogo hujenga ujasiri wake juu ya mtu mmoja au watu wachache anaowaamini, na kwamba akihisi mtu huyo anaweza kutoweka, huacha kucheza na kuchunguza mambo, akamng'ang'ania. Usiku ndio utengano mrefu kuliko wote katika maisha ya mtoto wa umri huu, kwa hiyo si ajabu kwamba hofu aliyoibeba mchana mzima hujitokeza saa ya kulala. Umri wenyewe nao una mchango wake. Hata mdogo wake asingezaliwa, baada ya miaka miwili mtoto huanza kuwa na mawazo ya kubuni, na pamoja nayo hofu ya giza. Tena hugundua kwamba anaweza kusema hapana, na kulala ni mojawapo ya mambo ya kwanza anayoyakataa.

Kwa sababu hiyo, nakushauri usianzie usiku. Mtoto anayeamka kuuliza kama bado ana nafasi kwako anahitaji kupewa jibu akiwa macho, wakati ambapo anaweza kulielewa, nawe una nguvu ya kulitoa.

Tenga dakika 10 hadi 15 kila siku ambazo ni zake peke yake, kichanga akiwa amelala au amebebwa na mtu mwingine, na simu ikiwa mbali. Muda huo uupe jina, yeye achague mchezo, nawe ufuate anakokupeleka bila kumfundisha rangi wala kumsahihisha anavyopanga vitu. Wazazi wengi huniambia kwamba dakika 10 hazitoshi kufidia alichopoteza, wakaamua badala yake kumtoa matembezi siku nzima mwisho wa mwezi. Ninavyoona mimi, hapo wanakosea, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hawezi kuishi kwa kungoja mwisho wa mwezi. Kinachomtuliza ni jambo dogo linalorudi kila siku, mpaka analitarajia. Na ukilazimika kuukatiza muda huo kwa sababu kichanga ameamka, sema wazi kwamba mtaumalizia baadaye, kisha umalizie kweli.

Angalia pia ni nani anayelaumiwa katika maneno ya kila siku. Mtoto anayesikia mara 20 kwa siku kwamba asipige kelele kwa sababu mtoto amelala, asipande kitandani kwa sababu mtoto ananyonya, na angoje kwa sababu mtoto analia, atafikia hitimisho moja tu. Sema, "Mikono yangu ina kazi kidogo, ikimaliza nakuja," bila kumtaja mdogo wake. Kisha, mara moja moja, geuza mambo: mwambie kichanga kwa sauti ya kusikika, "Wewe mtoto, subiri kidogo, namvalisha kaka viatu." Kichanga hataelewa neno hata moja, lakini anayesikiliza ataelewa. Akisema hampendi mdogo wake, au akitaka arudishwe alikotoka, usimkemee wala usimlazimishe kumbusu; mwambie kwamba ni vigumu kuwa na mtoto mwingine nyumbani na kwamba unamsikia. Akimpiga au kumfinya, mzuie mara moja kwa utulivu, kwa sababu kuielewa hasira yake si kuruhusu kichanga aumizwe.

Chupa aliyoanza kuidai ni sehemu ya mambo hayo hayo. Ni kawaida mtoto kurudi nyuma kidogo baada ya mdogo wake kuzaliwa: wengine hudai nepi, wengine huongea kitoto, wengine hutaka kunyonya tena. Usiifanye vita. Mchana mnaweza hata kucheza kwamba yeye ni mtoto mchanga, umfunike, umbebe, na mara nyingi hamu huisha baada ya wiki chache bila kushurutishwa. Nina sharti moja tu, na hilo ni kwa ajili ya meno: akinywa maziwa jioni, kwa chupa au kwa kikombe, anywe ameketi kabla ya kupigwa mswaki, na asipewe chupa ya maziwa alale nayo, kwa kuwa maziwa yanayobaki mdomoni usiku kucha huozesha meno.

Suala la baba linahitaji subira. Watu wengi, kwa nia njema, hugawana watoto mara tu kichanga anapozaliwa, mama akabaki na mdogo na baba akamchukua mkubwa, mabadiliko yakaanza usiku wa kwanza. Mtoto akimwona baba badala ya mama saa 8 usiku, hilo kwake ni uthibitisho wa kile alichokuwa akikiogopa, na ndiyo maana anamsukuma. Baba aanzie kwenye mambo ya mchana yasiyo na uchungu, kama kumwogesha, kutoka naye asubuhi au kumsomea kitabu kabla ya chakula cha jioni, kisha achukue sehemu ya utaratibu wa kulala wewe ukiwepo, na usiku uje mwisho. Akisukumwa, asikasirike wala asikuite haraka ili kuokoa hali. Aseme kwa upole, "Unamtaka mama. Mama ananyonyesha. Mimi nipo hapa," kisha akae. Baada ya siku kadhaa za uthabiti huo, watoto wengi humkubali.

Sasa nije kwenye ratiba, ambayo katika hali yenu ndiyo itakayoleta nafuu ya haraka kuliko yote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu hadi minne, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Mwanao alipokuwa akilala kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi alipata saa 10, na akiongeza saa moja na nusu za mchana alikuwa anatosheka. Usingizi hujengeka mwilini kadiri mtu anavyokaa macho, kwa sababu ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini ambayo huleta uzito wa kusinzia, na kulala huiondoa. Mtoto aliyeamka saa 11 jioni hajakusanya kitu cha kumlaza saa 2 usiku. Ukimpeleka kitandani saa hiyo atakaa macho gizani kwa saa mbili, akiwa na hofu zake na nafasi tele ya kuziwazia, na wewe kando yake ukihesabu dakika.

Kwa hiyo usingizi wa mchana uanze saa 6 au saa 7 na usipite saa 9 alasiri, hata kama itabidi umwamshe taratibu. Najua jambo hili ni gumu kwa mama anayenyonyesha, ambaye angependa mkubwa alale muda wote ambao mdogo amelala. Lakini saa mbili unazozipata alasiri unazilipa usiku. Siku akikataa kabisa, mweke chumbani penye mwanga hafifu akiwa na vitabu kwa dakika 40 hivi, na jioni hiyo alale mapema kidogo. Usikubali haraka kwamba ameacha usingizi wa mchana, kwa maana watoto wengi huuacha kati ya miaka mitatu na mitano, na kugoma kwa wiki chache katika umri wa miaka miwili kwa kawaida hupita. Mtoto aliyechoka kupita kiasi halali vizuri zaidi. Hurukaruka, hucheka ovyo na kulia kwa jambo dogo, kwa kuwa mwili wake hutoa homoni za kumkesha.

Muda wa kulala nao msiulazimishe kurudi saa 2 kwa siku moja. Kama kwa sasa husinzia saa 4, basi kwa siku tatu au nne, baada ya kurekebisha usingizi wa mchana, mpelekeni kitandani mwendo wa saa 3 na nusu, ili ajifunze upya kwamba kitandani mtu hulala haraka. Kisha sogezeni muda huo mapema kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu, hadi mfike saa 2. Kazi hiyo itachukua wiki mbili hadi tatu. Muda wa kuamka asubuhi ubaki ule ule, hata baada ya usiku mbaya. Asubuhi mfungulie madirisha apate mwanga; jioni punguzeni taa, na skrini zote zizimwe saa moja kabla ya kulala, kwa sababu mwanga wa jioni huchelewesha melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kwa usingizi, na macho ya watoto wadogo huathiriwa na mwanga huo kuliko ya watu wazima.

Utaratibu wa kulala uchukue kama nusu saa na ufuate mpangilio ule ule kila siku: kuoga, nguo za kulalia, mswaki, vitabu viwili, wimbo, taa. Katika mpangilio huo chagua sehemu moja iwe yako daima, hata nyumba ikiwa inatikisika, na iwe fupi kiasi kwamba una hakika ya kuitimiza. Wimbo mmoja wa dakika tatu unaoimbwa na mama kila usiku una thamani kuliko nusu saa nzima inayokatizwa siku tatu kwa wiki. Nalisisitiza hili kwa sababu ya umri wa kichanga wenu. Kilio cha watoto wachanga hufikia kilele katika wiki ya sita hadi ya nane, hasa saa za jioni, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Nanyi mko katikati ya kipindi hicho hasa. Kichanga akilia wakati wa wimbo huo, baba ambebe dakika hizo tatu.

Halafu kuna kujilaza kando yake. Usiache ghafla. Kwa siku tatu hivi keti kitandani badala ya kulala, mkono wako ukiwa mgongoni mwake. Kisha keti kwenye kiti kando ya kitanda bila kumgusa. Kisha sogeza kiti kuelekea mlangoni. Kisha uwe nje, mlango ukiwa wazi, ukimwambia kwamba utarudi kumwangalia baada ya muda mfupi, na urudi kweli kabla hajakuita. Kurudi kabla ya kuitwa ndicho kipengele ambacho wazazi wengi hukiruka, na kwa maoni yangu ndicho chenye nguvu kuliko vyote, maana humfundisha kwamba mama huja hata asipolia.

Akiamka usiku na kuja kwenu, mshike mkono mumrudishe kitandani kwake kila mara, kwa maneno machache yasiyobadilika, bila mazungumzo, bila taa na bila hasira, kisha ukae kwenye kiti mahali ulipofikia katika hatua zile. Kama hamna nguvu za kufanya hivyo kwa sasa, chaguo jingine linalokubalika ni godoro dogo sakafuni chumbani kwenu kwa wiki kadhaa, ambako ataruhusiwa kuja kimya kimya na kulala. Mimi sina tatizo na lolote kati ya hayo mawili. Tatizo langu ni kubadilishabadilisha. Mtoto anayekataliwa mara nne na kukubaliwa mara ya tano amejifunza kwamba inatakiwa kujaribu mara tano, na usiku unaofuata atajaribu mara sita.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la kumwacha alie. Mbinu za kumwacha mtoto alie kwa vipindi vinavyoongezeka, zilizojulikana sana kupitia daktari wa Marekani Richard Ferber miaka ya 1980, si mbaya kama wengine wanavyozieleza. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia hadi umri wa miaka sita watoto ambao wazazi wao walifundishwa kuitikia kilio kwa vipindi, au kukaa chumbani na kujiondoa polepole, walipokuwa hawajatimiza mwaka, na haukuona madhara ya kudumu. Hata hivyo, utafiti huo haukuwahusu watoto wa miaka miwili waliopata mdogo wao mwezi uliotangulia. Kwa mtoto ambaye hofu yake ni kukupoteza, kufunga mlango wiki hizi kunaweza kumthibitishia hofu hiyo, tena mtoto wa umri wake hufungua mlango na kutoka. Kwa hiyo hapana, usimwache alie peke yake mpaka achoke. Lakini kulia ukiwa umeketi pale, kwa sababu amekataliwa kitabu cha tano, ni jambo tofauti, na kilio hicho unaweza kukistahimili bila kujilaumu. Tegemea pia kwamba siku chache za kwanza atalalamika zaidi kuliko sasa, kwa kuwa njia aliyoizoea imeacha kufanya kazi naye anaijaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Wazazi wengi huacha mpango siku hizo hizo, wakiamini umeshindikana.

Kuna jambo moja ambalo kwangu halina mjadala, nalo ni usalama wa kichanga. Mtoto mkubwa asilale kitanda kimoja na mdogo wake, hata kwa dakika chache, hata katikati ya wazazi wawili. Anaweza kumlalia au kumfunika uso bila kujua. Kichanga alale chali kila mara, kwenye godoro gumu na tambarare, bila mito, midoli wala mablanketi yaliyolegea, katika kitanda chake mwenyewe karibu na chenu. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo, ukiona kaka amekwisha kupanda kitandani kwenu wakati unanyonyesha umelala, mmoja wao lazima aondoke hapo.

Kuhusu yale mayowe ya mwanzo wa usiku, ninavyoyasoma ni vitisho vya usiku, na si ndoto mbaya. Hutokea katika theluthi ya kwanza ya usiku, mtoto akiwa katika usingizi mzito kabisa: hukaa, hupiga kelele, hutoka jasho, macho yako wazi lakini hakuoni, na asubuhi hakumbuki lolote. Usimwamshe wala usimshikilie kwa nguvu. Hakikisha tu hataanguka au kujigonga, ngoja dakika chache, atalala mwenyewe. Usimhoji asubuhi. Uchovu huvichochea, kwa hiyo ratiba ikitengemaa huenda vikapungua bila tiba nyingine. Na vikitokea kila siku kwa saa ile ile, mnaweza kumgusa aamke kidogo dakika 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo kwa wiki mbili tatu. Ndoto mbaya huja zaidi karibu na alfajiri, mtoto huamka kabisa, hukutambua na hukumbuka, na huyo anahitaji kukumbatiwa.

Mengine niyapitie haraka. Kama kitanda anacholalia kilikuwa kimepangiwa mdogo wake, msimhamishe sasa. Tafuteni kingine cha kichanga, au ngojeni miezi kadhaa, isipokuwa kama ameanza kuruka ukingo na anaweza kuanguka. Kumfundisha kwenda chooni na kumpeleka shule ya awali, kama mambo hayo yanaweza kusubiri, yasubiri. Usimpe dawa ya mafua ili asinzie, wala vidonge vya melatonini bila daktari aliyemwona.

Mpeleke kwa daktari ikiwa hukoroma usiku mwingi kwa wiki, hulala mdomo wazi au pumzi yake husita kisha akashtuka, kwa sababu mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zikiwa kubwa huziba njia ya hewa, na hakuna mpango wa kulala utakaomsaidia mtoto wa aina hiyo. Vivyo hivyo ikiwa hurusha miguu usiku kucha, jambo ambalo pengine huashiria upungufu wa madini ya chuma. Ikiwa hujikuna sehemu ya haja kubwa usiku, ambayo huwa dalili ya minyoo. Ikiwa anashika masikio, ana homa, au hapati uzito. Na ukifuata haya kwa wiki sita bila mabadiliko yoyote, nenda na daftari lenye saa za kulala na kuamka za wiki mbili. Litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbukia.

Wewe pia unahitaji kuangaliwa. Machozi na huzuni za siku chache baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi, lakini zikipita wiki mbili, au ukishindwa kulala hata watoto wote wawili wamelala, au ukipata mawazo ya kujidhuru au kuwadhuru, usizihesabu kuwa uchovu tu. Kuna dodoso fupi la maswali 10 lililotungwa Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya kutambua sonona ya baada ya uzazi, na kliniki nyingi za mama na mtoto hulitumia, omba uulizwe. Mawazo ya kudhuru hayangoji kliniki: mwambie mtu aliye karibu nawe na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Chumba kimoja kinawezekana, ila si sasa. Kichanga abaki chumbani kwenu angalau miezi sita ya kwanza, kisha mngojee hadi usiku wake utulie kiasi. Mtakapoanza, waanzishieni usingizi wa usiku peke yake na mchana wabaki vyumba tofauti, kwa kuwa usingizi wa mchana ni mwepesi na mmoja humwamsha mwenzake. Mdogo alazwe kwanza, mkubwa aingie baada ya nusu saa na amalizie wimbo wake chumba kingine kabla ya kuingia. Watoto huzoea kilio cha wenzao haraka kuliko wazazi wanavyodhani, kwa hiyo msimkimbilie mkubwa kumhamisha kila mdogo anapolia. Kama wakati huo kaka bado ana tabia ya kumtupia mdogo wake midoli na mto kitandani, kwa hasira au hata kwa kumpa zawadi, ngojeni mwezi mwingine kisha mjaribu tena.